Waya wa Breki

Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli pale Kitale, na kwa maoni yake hakuna shida ya binadamu isiyotatulika kwa waya wa breki. Redio ikikosa eriali, waya wa breki. Hata jino la shangazi lilitoka kwa waya huo, na shangazi hajamsamehe mpaka leo.

Polio ilichukua miguu yangu nikiwa bado mdogo. Nilipofika miaka tisa, mama akasema amechoka. Akienda shambani kule Kwanza siku za likizo, hawezi kuniacha na mlango wazi, na hawezi kunifungia ndani kama mbuzi. Ningepelekwa Malakisi kwa nyanya, nikae huko moja kwa moja. Nampenda nyanya, lakini shule yangu na rafiki zangu walikuwa Kitale. Nililia bila aibu.

Baba akaomba apewe wiki moja. Akapitisha nyaya tatu ukutani hadi kitandani kwangu: mmoja wa kufungua komeo, mmoja wa kuvuta mlango, mmoja wa kufunga tena. Nyumba ikafanana na baiskeli iliyopinduliwa.

Siku ya kuzijaribu, nilifunga mlango, mama akabaki nje.

"Hodi," akasema.

Nikavuta. Komeo halikusogea. Nikavuta kwa mikono miwili mpaka viganja vikawaka. Baba akalala chini kulichungulia, spana mdomoni.

"Si nilisema?" mama akaita kutoka nje. "Ati waya. Kesho tunaenda Malakisi."

Hapo nikaona mlango unatetemeka. Komeo lilikuwa limebanwa.

"Mama, unasukuma?"

"Kidogo tu. Si nakusaidia?"

Baba akacheka mpaka spana ikaanguka. Mimi sikucheka. Mwanamke huyu alikuwa amenibeba, amenigeuza, amenivalisha tangu nizaliwe. Kumwambia aondoe mkono kulikuwa kugumu kuliko ule waya.

"Wacha kusukuma, mama. Simama tu."

Nikasikia akirudi nyuma hatua moja. Nikavuta waya wa kwanza, komeo likateleza. Nikavuta wa pili, mlango ukafunguka polepole, ukilalamika. Mama alikuwa amesimama kizingitini, mikono ikining'inia kana kwamba amesahau ilikuwa ya nini. Hakuingia. Kwetu mtu akishapiga hodi husubiri kukaribishwa, na baba alikuwa ameshafungua mdomo amkaribishe. Nikamwahi.

"Karibu, mama."

Miaka yote ile nilikuwa nimepitishwa kwenye mlango huo mgongoni mwa watu. Sikuwa nimewahi kumkaribisha mtu yeyote.

Mama akapangusa miguu, akaingia, akaketi kwenye kiti cha wageni na kunitazama. Macho yake yalikuwa yamelowa. Nikamwambia baba aweke sufuria jikoni, amchemshie mgeni wangu chai.