Kompyuta Haikuwaka, Nikamtupia Mavyaa Lawama

Jamani, msianze kunitetea. Mwenye kosa ni mie, na tangu siku hiyo nikikaa siwezi, nikisimama siwezi, ndio maana nnaandika.

Kazi yangu kuchora kadi za harusi. Kompyuta yangu ya zamani ilikufa, nikasema hii mpya naiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, kwa kutazama video. Fundi wa nini? Kiburi gani hicho!

Mavyaa wangu, mama yake mume wangu, tunakaa naye hapa hapa Mji Mkongwe. Tangu niolewe hajanitolea neno baya. Siku niliyomaliza kufunga skrubu ya mwisho, kaja na chetezo, udi unanukia nyumba nzima.

"Mwanangu, kitu kipya hicho. Nikifukize kabla hujakiwasha."

Akakizungushia moshi, akaomba dua. Mie nikaitikia amin huku nacheka.

Nikabonyeza. Feni zikazunguka, taa zikawaka, kioo cheusi tii!

Nikazima, nikawasha. Nikachomoa memori, nikairudisha. Nikabadilisha waya wa kioo. Nikaenda dirishani, nikarudi, nikabonyeza tena. Cheusi! Na biharusi anasubiri kadi zake, simu haiachi kulia. Jasho linanitoka, na kila nikivuta pumzi napata harufu ya udi.

Mavyaa akachungulia mlangoni. "Haijawaka tu, mwanangu?"

Wallahi, hapo nikapandwa na hasira! "Itawaka vipi na moshi wako ushaingia ndani? Ushirikina wako umeniharibia kazi!"

Ushirikina! Nimemwambia mtu asiyekosa sala hata moja! Madirisha wazi, uchochoro mzima unasikia. Mavyaa akavaa buibui lake akaenda kwa binti yake anayekaa Bububu.

Asubuhi nikaifungua tena ile mashine. Juu kabisa, pembeni mwa bodi, kuna tundu la umeme wa prosesa, ule ubongo wa mashine. Tupu! Waya wake upo nyuma, bado umefungwa kamba ya kiwandani. Mie mwenyewe sikuuchomeka! Nikauchomeka, kioo kikawaka pale pale. Badala ya kufurahi nikalia, Astaghfirullah, nikalia mpaka mume wangu akadhani kuna msiba.

Nilikwenda Bububu nikampigia magoti. "Nshakusamehe zamani, mwanangu," akasema, na kweli akarudi. Lakini si yule. Zamani akiingia chumbani kwangu bila hodi, akikaa kitandani akinichagulia rangi za kadi. Jana nimemwita aje kutazama kazi mpya, akasimama kizingitini.

"Naona vizuri hapa hapa, mwanangu. Nisije nikakuharibia."

Hakusema kwa kunisuta. Anaogopa kweli, na hilo ndilo linalonikosesha raha.

Basi nyie wenzangu, kitu kikikataa kuwaka, kagueni kwanza kazi ya mikono yenu kabla hamjamfungulia mtu mdomo. Mie mashine yangu inafanya kazi vizuri mno. Namwita mavyaa aingie, haingii.