Plamsi za Shangazi

Nichekeni mara moja mmalize, maana kwetu Bumbuli wamenicheka tangu Krismasi hadi leo, na kila nikishika ufunguo wa gari hakosi mtu wa kuniuliza leo nimekula nini.

Ilikuwa hivi. Kwetu mimi ndiye wa kwanza kuwa na gari (kuukuu, na mlango mmoja unafunguka kwa nje tu, lakini ni langu), na baba yangu, ambaye nyumbani tunamwita Tate, alikuwa hajatia hata mguu ndani. Wala si dharau. Zamani mdogo wake alifia kwenye kona za Soni, kwenye gari la mtu aliyetoka harusini amelewa, ambaye aliulizwa kabisa kama ataweza kuendesha akajibu yuko sawa. Tangu hapo Tate ni mtu wa basi, tena kiti cha nyuma kabisa. Basi Krismasi ile tulipoalikwa kula kwa shangazi, Lushoto mjini, na Tate mwenyewe akasema atakwenda kwa basi ila jioni nimrudishe nyumbani, nilifurahi mpaka nikaosha gari hadi chini ya matairi.

Mezani ikaja mvinyo. Nami (hapa ndipo aibu ilipoanza kupikwa) badala ya kusema ahsante situmii, nikasimama nikahutubia. Nikasema dereva hanywi, hata tone, hata kuonja, na anayeendesha amelewa ni muuaji mwenye leseni, huku namtazama Tate kwa pembe ya jicho nione kama amesikia. Alikuwa amesikia. Alitikisa kichwa kukubali, na mimi nikakaa kwa madaha nikaomba soda.

Kisha shangazi akaleta keki na bakuli la plamsi. Mnajua huku plamsi zikiiva zinaiva zote kwa mpigo, nyingine zinaozea chini ya miti, na shangazi, aliyepika miaka mingi kwenye hoteli ya wageni, hawezi kuona tunda linaoza akanyamaza, kwa hiyo huzijaza kwenye chupa kubwa na sukari, akazisukuma chini ya kitanda mpaka mwaka unaofuata. Nikala. Tamu, zinawasha koo kidogo, nikadhani ni tangawizi. Akaniongezea, na kwetu shangazi akikuongezea humwachii chakula chake, nikamaliza na bakuli la pili, nikaliinua nikanywa na maji yake yote.

Muda si mrefu kila kitu kikawa kizuri. Nikaanzisha wimbo wa kwaya, peke yangu, sauti ya tatu. Nikamwambia mume wa shangazi, mzee wa kanisa jamani, kwamba ana masikio mazuri. Watu walicheka, nami nikajua ni raha ya sikukuu.

Tukaaga. Tate alikuwa ameshakaa kiti cha mbele na koti lake la ibada, mkanda ameufunga mwenyewe na ameushika kwa mikono miwili. Nikatafuta tundu la ufunguo nikalikosa. Nikatafuta tena, kicheko kikanitoka. Shangazi, aliyekuwa kwenye dirisha la gari ananiaga, akaniuliza polepole kama na yale maji ya plamsi niliyanywa. Akasema huzitilia pombe kali, la sivyo zinachacha, na alidhani najua, maana ukoo mzima unajua.

Na huo ukoo mzima ulikuwa umesimama uani. Mvinyo nimeukataa kwa hotuba, nimekwenda kulewa matunda! Nawaambia ukweli, neno la kwanza lililonijia lilikuwa niko sawa. Mbona si mbali, mbona bado kweupe, nitakwenda taratibu. Lilikuwa limeshafika kwenye meno nilipoiona mikono ya Tate kwenye ule mkanda.

"Tate, siwezi kuendesha," nikasema. "Nimelewa."

Nikaanza kulia, kwa sababu nilijua ndiyo basi, gari langu hatalipanda tena. Uani watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Tate hakucheka. Alifungua mkanda, akautoa ufunguo mkononi mwangu, akautia kwenye mfuko wa koti.

"Aliyembeba mdogo wangu naye aliulizwa," akasema. "Angesema hivyo tu, mwanangu."

Tukalala kwa shangazi. Asubuhi nilimwamkia Tate shikamoo nikiwa nimeinamisha uso, akaitika marahaba, akanisogezea kikombe cha uji, na ufunguo ulikuwa pembeni ya kikombe.

Plamsi za chupa sizigusi tena siku ninayoendesha, na kwenye sherehe siku hizi namuuliza mpishi kabla ya kijiko, hata kama ni kachumbari. Hotuba ndiyo nimeacha kabisa. Wacha wanicheke. Wao hawakumwona Tate asubuhi ile kwenye kona za Soni, amelala fofofo kiti cha mbele, mdomo wazi, na mikono imeuachia mkanda.