Risasi Nilizoziosha

Mimi ni Wafula, dereva wa nyumbani hapa Al Wakrah. Bosi wangu, mzee ninayemwita Baba, hujitengenezea risasi za bunduki kuukuu ya marehemu babake, kisha huzipaka nta ili ziende sawa. Hiyo nta mimi nikaidhani ni uchafu. Nikaziosha zote kwa sabuni ya vyombo mpaka zikang'aa, nikijiona mfanyakazi bora.

Jangwani nilimtilia moja moja bundukini. Zote alizofyatua zikalikosa kopo tuliloliweka kama shabaha.

Akashusha bunduki, akapangusa macho. "Macho yangu yamekwisha, Wafula. Leo naiacha."

Nikamhurumia. "Ni upepo tu, Baba."

Akaichukua risasi iliyobaki, akaipapasa, akainusa.

"Wafula, huu upepo wako mbona unanuka sabuni ya limau?"