Shati Jeupe Nililopeleka Bumbire

Nilipaswa kukataa. Baraza la wazee wa usharika wetu, hapa Izigo, lilinituma kisiwa cha Bumbire kwa mwanangu Mutalemwa, aliyekuwa anaumwa ini, nikamwambie kwamba hatapewa Meza ya Bwana, mkate na divai, mpaka asimame mbele ya kanisa na kutubu. Mimi mwenyewe ni mmoja wa wazee hao. Nikasema nitakwenda.

Kosa lake lilikuwa hili. Mtoto wake wa kwanza alipougua, alipeleka mbuzi kwa mganga kule Kimwani, akachinjwa kwa ajili ya mizimu ya ukoo. Mtoto alikufa hata hivyo. Mutalemwa alikwenda kwa mchungaji akaungama huku akilia, lakini sisi wazee tulimweka chini ya marudi: asishiriki Meza mpaka akae benchi la mbele siku ya ibada, asimame, aseme alichofanya watu wote wakisikia. Hapo alikataa. Mkewe alirudi kwao, naye akahamia kisiwani kutengeneza injini za mitumbwi. Miaka ikapita. Sasa alikuwa ametuma neno kwamba anataka kula Meza kabla hajafa, kisha aletwe nyumbani.

Baada ya kikao mchungaji wetu, ambaye bado ni kijana, alinivuta kando ya mnara wa kengele.

"Baba mzee, vyombo vya Meza ya wagonjwa viko kwenye mkoba wangu. Wazee wanakuogopa. Ukikataa sharti hili, hakuna atakayebisha, na kesho tunakwenda wote."

"Na watoto wa wenzangu niliowasimamisha mbele ya kanisa? Wazazi wao watasema nini?"

"Watasema wewe ni baba."

Nikamwambia utaratibu kwanza.

Bukoba, asubuhi iliyofuata, nilipitia sokoni nikanunua shati jeupe la mikono mirefu. Mutalemwa hakuwa na nguo ya kusimama nayo kanisani. "La bwana harusi hilo, mzee?" muuzaji aliniuliza. Nilimwambia ni la kanisani, akalikunja vizuri kwenye gazeti.

Pale ziwani alikuwa ananisubiri Bi Zainabu, mfanyabiashara wa dagaa, Mwislamu wa Bukoba mjini. Yeye ndiye aliyenipigia simu kunipa neno la Mutalemwa. Mutalemwa alikuwa fundi wa injini ya mtumbwi wake, na tangu augue alikuwa analala katika chumba nyuma ya ghala la mama huyo kisiwani. Aliponiona na koti na tai, alicheka.

"Ta Byarugaba, tai hiyo umewafungia sangara?"

Tulipokuwa majini aliniuliza mchungaji yuko wapi. Nikamweleza habari ya benchi la mbele.

"Subiri, sijaelewa," alisema. "Sisi Idi Kubwa tunachinja, tunagawa nyama, tunakula na jirani. Ninyi mnatuambia kuchinja kumekwisha, Yesu amechinjwa mara moja kwa wote."

"Ndivyo."

"Basi unakwenda kumdai nini mgonjwa?"

"Ni utaratibu, Bi Zainabu."

"Haya." Akageukia magunia yake.

Bumbire, alasiri, harufu ya dagaa walioanikwa ilitupokea kabla ya watu. Mutalemwa alikuwa amekaa kitandani, kaegemea ukuta. Macho yalikuwa ya njano, tumbo limejaa maji, mikono imebaki mifupa. Mbele yake palikuwa na kreti la samaki lililofunikwa kitambaa cheupe, kimepigwa pasi. Nilidhani ni pa kulia chakula, nikaweka juu yake ndizi nilizobeba kutoka nyumbani.

"Taata, si hapo," alisema taratibu. Akachungulia nyuma yangu, mlangoni. "Mchungaji anakuja?"

"Nimekuja peke yangu."

Bi Zainabu aliziondoa zile ndizi. "Aliniomba kitambaa safi," alisema bila kuniangalia. "Tangu asubuhi amenawa mikono, anasubiri."

Ningeweza kuishia hapo. Ningeweza kumpigia mchungaji simu mbele ya mwanangu. Badala yake nilifungua gazeti, nikamwonyesha shati.

"La nini?"

"La kusimama kanisani. Tutakubeba mpaka benchi la mbele. Ni maneno machache tu, kisha unapewa Meza."

Aliligusa kola. Alicheka, cheko likageuka kikohozi.

"Kwa hiyo mbuzi wangu hakutosha. Na Yesu naye hakutosha. Limebaki shati."

"Usikufuru, mwanangu."

"Si mimi ninayekufuru, taata." Akalala, akageukia ukutani.

Asubuhi nilimwambia afikirie, nitarudi. Hakugeuka. Nilipanda mtumbwi uliokuwa unakwenda ng'ambo ya Muleba, ndiyo njia fupi ya kurudi nyumbani. Katikati ya maji nilianza kukiona kile kitambaa alichotandika kwa ajili ya Meza, na sikuweza kuona kitu kingine. Tulipogusa nchi kavu nilimpigia mchungaji.

"Njoo na mkoba."

Alifika na pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Lakini ziwa lilikuwa limechafuka na hakuna nahodha aliyekubali kuvuka; nilimpigia Bi Zainabu, simu haikupatikana. Tulikaa chini ya kibanda cha mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, tukitazama mawimbi. Mchungaji alikumbatia mkoba, akasema kama anayejisemea: "Yesu alipokufa pazia la hekalu lilipasuka ili watu waingie. Halafu sisi tukachukua sindano na uzi." Hakusema kwa hasira. Hata yeye alijihesabu miongoni mwetu.

Siku ya pili ziwa lilitulia, tukavuka. Bi Zainabu alitupokea ufukweni akiwa amejifunga khanga kichwani. Mutalemwa alikuwa amekufa jioni ya siku ile niliyoondoka. Hakuna mtumbwi ulioweza kumvusha, na joto halikuruhusu kungoja. Walimzika nyuma ya maghala, mabaharia na wachuuzi, bila wimbo wa kwetu, kwa sababu hakuna aliyeujua.

"Hakuwa na nguo nyingine safi," aliniambia. "Tulimvika lile shati."

Mchungaji alipiga magoti kwenye udongo mbichi akaomba. Nilisimama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimama namna ile, mbele ya watu, bila cha kusema.

Nimerudi Izigo na nimejiuzulu uzee wa kanisa. Mahali nilipomtengea kaburi kwenye kibanja cha nyumbani, kando ya mwanawe, nimepanda mgomba. Mutalemwa angekufa tu, ini lilikuwa limekwisha, hilo silibebi. Ninachobeba ni kwamba dhabihu ilikwisha kutolewa na mlango ulikuwa wazi, nami nikasimama mlangoni. Ile "ndiyo" niliyowapa wazee ilinigharimu hiki: mwanangu alikufa akiwa na njaa ya Meza ya Bwana, amenipa mgongo, akiamini kwamba anayemzuia asifike kwa Mungu ni baba yake.