Giaboksi ya Kutoka Uvira

Magari yamenichosha. Siku hizi hata kusimama kando ya gari naona ni kazi. Lakini letu ndilo lililotulisha, na ndilo lililomfanya mume wangu ajione bado ni mtu kati ya watu, kwa hiyo tulihangaika nalo kama mtoto mgonjwa.

Alikuwa dereva tangu ujana wake. Kwanza malori, kisha daktari alipomwambia ana sukari, akanunua gari dogo la otomatiki ili apumzike. Kila asubuhi alipeleka watoto wa majirani shuleni kutoka mtaa wetu wa Mutanga Sud, mchana akabeba abiria wengine. "Siku nikiacha usukani, munizike," alikuwa akisema. Nami nilikuwa namjibu kwamba mazishi nayo yanataka mafuta.

Mafuta ndiyo yaliyoanzisha yote. Hapa Bujumbura mtu anakaa kwenye foleni ya petroli mpaka anasahau alikuwa anakwenda wapi. Katika foleni hiyo hakuna anayewasha injini. Magari yanasogezwa kwa mikono, kidogo kidogo, huku redio zikilia na betri zikifa. Mwenye gari la gia za mkono anasukumwa, anaachia klachi, injini inashika, anaondoka zake. Letu la otomatiki halikukubali kuwashwa hivyo. Siku moja lilijazwa mafuta likagoma pale pale kwenye pampu, na watu waliokuwa nyuma wakamtukania mume wangu mama yake, marehemu, mwanamke aliyekuwa hana ugomvi na mtu. Alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake.

"Tunatoa hii bwate," akasema, akimaanisha giaboksi. "Tunaweka ya mukono."

Nilimwambia gari si sufuria, mtu akabadilisha kifuniko anavyotaka. Hakunisikia. Asubuhi alikwenda Buyenzi kwa fundi wake, rafiki wa tangu enzi za malori, mtu mwenye uwanja uliojaa vyuma na sauti inayosikika hadi mtaa wa pili. Giaboksi ilipatikana Uvira, ng'ambo ya mpaka, imetumika lakini nzima, pamoja na klachi yake na pedali ya tatu. Kazi ilichukua muda mrefu kuliko ilivyoahidiwa, na hilo halikumshangaza mtu.

Siku tuliyolichukua gari nilikaa mbele, kiti cha abiria. Gia ya kwanza ilikwaruza. Ya pili ikalia kama mtu anayeburuta kabati sakafuni. Ya tatu ilikataa kabisa, tukatembea na ya pili mpaka nyumbani, injini ikipiga kelele na mimi nimeuma meno. Mume wangu alikuwa ameshika mkono wa gia kwa nguvu zake zote, shati limelowa mgongoni.

"Ni hii bwate ya Congo," akasema. "Batu wa kule banauzaka bintu bimekufa."

Fundi akaanza kutafuta. Alimwaga mafuta ya giaboksi akaweka mengine mepesi zaidi. Akaendesha mwenyewe, gia zikaingia vizuri. Mume wangu akaendesha, zikalia. Fundi akasema kuna hewa kwenye bomba la klachi, akaitoa yote. Akaendesha, sawa. Mume wangu akaendesha, zikalia tena. Akabadilisha nyaya zinazovuta gia. Akatoa hata zulia la sakafuni, akidhani linazuia pedali isifike chini. Kila alipomaliza, gari lilimtii yeye, na tulipofika kona ya kwanza likatukatalia sisi.

"Hii gari inakuogopa we," mume wangu akamwambia. Fundi alicheka, lakini hakufurahi.

Nilichoka. Nilichoka kusikia habari za giaboksi wakati wa chai, wakati wa kula, hata baada ya swala, mtu hajakunja mkeka vizuri. Watoto wa shule walikuwa wakiziba masikio na kucheka kila gia ilipolia, mpaka asubuhi moja gari lilipozimika katikati ya njia panda mbele ya lori. Dereva wa lori alifunga breki, hakuna aliyeumia. Jioni baba mmoja alikuja, akakaa, akakataa soda, akasema kwa adabu sana kwamba wazazi wamezungumza. Kama gari halitatengenea, itabidi watafute dereva mwingine. Mume wangu alimsindikiza hadi barabarani akamshukuru. Aliporudi alisema tu kwamba kesho bwate itasema ukweli wake.

Tulifika Buyenzi jua likiwa tayari kali. Fundi alikuwa na desturi yake ya mwisho, ambayo aliifanya gari linapomshinda: dereva anavua viatu, anakanyaga klachi kwa mguu mtupu, na yeye analala chini ya gari akiangalia jinsi chuma kinavyosogea. Anasema kiatu kinadanganya, unyayo haudanganyi. Mume wangu alivua kiatu cha kushoto na soksi, akakaa sawasawa kwenye kiti. Mimi nilisimama kwenye mlango uliokuwa wazi, nikijipepea kwa mtandio.

"Kanyaga!" fundi akaita kutoka chini.

"Nimekanyaga."

"Kanyaga yote, muzee!"

"Si nimekanyaga! Mpaka mwisho!"

"Apana. Huku imesogea nusu tu. Kanyaga!"

"We fundi, unataka nitoboe gari?"

Niliinama niangalie. Mguu wake ulikuwa umeteleza. Kidole gumba peke yake ndicho kilichogusa ukingo wa pedali, na unyayo wote ulikuwa umekanyaga sakafu, kwa nguvu, hadi mishipa imesimama. Yeye alikuwa anatazama mbele kupitia kioo, ametulia, kama dereva yeyote anayejua kazi yake. Hakuwa anamdanganya mtu. Alikuwa na hakika kabisa.

 Fundi alitoka chini, akajipangusa mikono, akachungulia mahali nilipokuwa natazama. Sura yake ilibadilika.

"Muzee," akasema polepole, "muguu yako iko wapi?"

"Iko ku pedali. Iko wapi tena?"

Hapo ndipo alipoangalia chini mwenyewe. Aliuangalia ule mguu kwa muda, akauinua kwa mkono, akauweka juu ya pedali mahali pake, kama mtu anayepanga kitu rafuni. Miaka yote ya otomatiki mguu wa kushoto ulikuwa hauna kazi, umekaa tu, na hakuna aliyeuuliza habari zake. Sisi sukari tuliijua kwa upande wa chai na mandazi. Tuligombana juu ya chai, Mungu ananiona, lakini kwamba sukari inaua hisia za miguu hatukuwaza. Niliona huruma, na niliona hasira pia, sijui hasira ya nani.

Fundi alimgeuza atoe miguu nje ya mlango, akachuchumaa, akauweka mguu wa kushoto juu ya goti lake. Alichukua bisibisi ndogo, akaipangusa kwa kitambaa, akagusa unyayo kwa ncha yake. Akagusa kisigino, akagusa chini ya vidole. Mume wangu alikuwa anaangalia, akitikisa kichwa kila mara. Hakuna. Hapa je? Hakuna.

"Basi bwate ni nzima," akasema mwishowe, na alijaribu kucheka. "Tuliitukana bure."

"Shemeji, mupeleke kwa daktari leo," fundi akaniambia. "Leo hii."

"Ambreyaji, hii klachi, ni kitu kidogo," mume wangu akamkata. "Tutarudisha ile otomatiki, si iko pale kwenye kona? Muguu wa kushoto ukae ulale. Mi naendeshaka na huu wa kuume. Wa kuume ndiyo wa frein, wa breki, na huu mi nausikia vizuri."

 Akainama, akafungua kamba za kiatu cha kulia yeye mwenyewe, akavua soksi, akauweka mguu juu ya goti la fundi. Halafu akafumba macho, ili tuone kwamba haibi.

"Haya," akasema. "Uniambie ukianza."

Fundi aliinua macho akanitazama. Ncha ya bisibisi ilikuwa tayari imezama kwenye nyama ya unyayo, na yeye alikuwa bado anakandamiza.