Siku Niliyomkimbia Mzee wa Mvinyo

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, niliacha kikombe cha mvinyo wa mchele mezani kikiwa bado na joto, nikatoka mbio kama mwizi, na wala hakuna aliyekuwa ananifukuza. Wewe unayefunga begi kwenda China, kaa kidogo nikusimulie. Ukitaka kucheka cheka, mimi mwenyewe nimeshajicheka sana.

Miaka ile Guangzhou palikuwa pa moto kwetu Waafrika. Polisi walisimama milangoni mwa majengo ya Xiaobei, mtaa tulikolala na kununua mizigo, wakidai pasipoti. Ukisikia viatu vingi kwenye ngazi unashuka kwa nyuma, hata kama karatasi zako ni safi. Zangu zilikuwa safi, ila viza ilikuwa imebakiza siku tisa. Sare za shule nilizoagiza zilikuwa zinashonwa kwenye kiwanda kidogo cha Dada Mei kule Kangle, na bado zilihitaji wiki tatu. Ili kuongeza viza nilitakiwa kuleta karatasi ya polisi inayoonyesha ninalala wapi, na mwenye nyumba wangu hakutaka kabisa kuniandikisha. Kila nikimwomba, ananijibu "meiyou", yaani hakuna, anafunga mlango. Nikirudi Moshi mikono mitupu, shule mbili zilizoniamini zingefunguliwa watoto hawana sare, na jina langu sokoni lingekuwa limekwisha.

Mei alikuwa wa rika langu. Tulielewana kwa Kiingereza cha kubabaisha, Kiswahili alichookota kwa wateja, na mikono. Aliponiona nimekonda kwa mawazo akaniambia, "Dada, twende kwa baba. Onja mvinyo, kula kuku, pumzika." Baba yake alikuwa anatengeneza mvinyo wa mchele katika mji mdogo, pembeni kabisa mwa Guangzhou, mwendo wa saa mbili kwa basi.

Nikamkuta mzee mfupi, mkimya, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Uani kwake mitungi ya udongo ilikuwa imezungushiwa pumba za mpunga zinazoungua polepole, ndivyo wanavyouivisha mvinyo wao. Tukaingia ndani, akanimiminia kikombe. Mimi Mchagga, nikakirudisha, maana kwetu mwenye pombe huonja kwanza, mgeni aone haina sumu. Nikamweleza Mei, akacheka, akamtafsiria baba yake. Mzee akanitazama, akanywa nusu, akanirudishia kwa mikono miwili. Ulikuwa mtamu, wa vuguvugu, unashuka taratibu mpaka miguuni. Akanionjesha wa mtungi wa zamani, mweusi zaidi na mkali. Kisha akachota wa tatu, Mei akasema huo hupikiwa kuku na tangawizi kwa mwanamke aliyejifungua. Nikamwambia sisi mzazi tunampa mtori wa ndizi, na hapo tukaanza kubishana ni kipi kinaongeza maziwa. Nilifurahi mno. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili nilikaa nimeupa mlango mgongo.

Ndipo mzee akanyoosha mkono. "Baba anataka pasipoti," Mei akasema, akakimbilia jikoni maana sufuria ilikuwa inafurika. Nikampa, mvinyo ulikuwa umenilainisha. Akaitia mfukoni mwa shati, akapanda baiskeli. Nikamfuata kwa macho dirishani. Alivuka barabara, akaingia moja kwa moja kituo cha polisi.

Akili yote ikaniruka. Nikasema haya, nimeuzwa, wameniita wanilishe ili wanikabidhi. Sikumwita Mei wala sikuaga. Nikachukua mkoba, nikapita mlango wa uani, nikakata katikati ya miti ya matunda mpaka kituo cha basi, nimelowa jasho, nalia kimyakimya kwa ajili ya zile sare. Nilipoingiza mkono kwenye mkoba kutafuta nauli, ndipo nikakumbuka pasipoti anayo yeye. Mtu anakimbia polisi, pasipoti kaiachia huko huko polisi. Umewahi kusikia ujinga kama huo?

Hawakukawia kunipata. Mei alikuwa bado na aproni, mzee anasukuma baiskeli. Akatoa pasipoti mfukoni, na ndani yake karatasi yenye mhuri mwekundu. Ni ile ile niliyoililia Xiaobei. Kumbe sheria inamtaka mwenyeji amripoti mgeni wake, naye alikuwa ameandika jina langu na nyumba yake, akawaambia mimi ni mgeni wake.

Mzee akasema kitu kwa sauti ya chini. Mei akasita kutafsiri.

"Sema tu," nikamwambia.

"Baba anauliza, kwenye kikombe ulimwambia wazi hofu yako, naye akaonja. Kwa nini kwenye pasipoti hukumwuliza?"

Nikaona afadhali ukweli, nikasema, "Mwambie nilidhani ameniuza." Mei alitafsiri akiwa ameinamisha macho. Mzee akageuza baiskeli, akasema kuku anapoa.

Tukarudi, tukala. Nililala nyumbani kwake mpaka sare zilipokamilika, nikienda Kangle na kurudi kwa basi, na kila nikifika jioni nilikuta bakuli langu limefunikwa. Viza niliongezewa. Watoto wa Moshi walifungua shule wamevaa. Mzee yule alishafariki, na mpaka leo naona asante niliyompa ilikuwa ndogo.

Mwanangu, sikuambii uache hofu. Hofu itakusaidia kwenye ngazi zile. Lakini usimvalishe kila mtu sura ya aliyekutisha jana. Mtu akifanya jambo usilolielewa, simama, muulize yeye mwenyewe, hata kama lugha yenu ni mikono tu. Na ukigundua ulimdhania vibaya, usijifiche kwa aibu. Mwambie, kisha ukae ule chakula chake.

Nenda salama. Mungu akutangulie kila mlango, akukutanishe na mtu wa kutaja jina lako pale ambapo wewe ungeogopa kulitaja. Na siku mgeni mwenye hofu atakapofika nyumbani kwako, Mungu akupe moyo wa kwenda kumwandikisha.