Sifuri Niliyoiandika kwa Wino Mwekundu

Mwaka wangu wa tatu wa kufundisha biokemia katika chuo cha afya pale Masasi, nilijulikana kwa ubahili wa alama, na nilijivunia. Siku ya kwanza ya muhula niliandika utaratibu wote ubaoni. Majaribio mawili, kazi ya kikundi, vitendo vitano vya maabara na mahudhurio: jumla alama arobaini. Mtihani wa mwisho, sitini. Asiyefikisha ishirini katika zile arobaini haingii kwenye mtihani. Anarudi nyumbani kusubiri kulirudia somo mwaka unaofuata. Anayetoka nje kipindi kikiendelea anakatwa alama ya mahudhurio. Hilo la mwisho nililiongeza mwenyewe.

Aliyetoka sana alikuwa binti mmoja wa Chiwata. Alikaa karibu na dirisha, chupa kubwa ya maji miguuni, na kabla kipindi hakijaisha chupa ilikuwa tupu. Halafu anainuka, anainamisha kichwa kuniomba radhi, anatoka. Nami namkata alama mbele ya jina lake. Alikuwa mwembamba, mwenye mwandiko mdogo ulionyooka. Sikuwahi kumuuliza kama anaumwa.

Kitendo cha nne kilikuwa kupima sukari kwenye mkojo, na kila mwanafunzi alipima wa kwake. Unatia matone machache kwenye neli ya kioo yenye dawa ya bluu, unaichemsha. Bluu ikibaki bluu, sukari hakuna. Ikigeuka kuwa rangi ya tofali la kuchoma, sukari imejaa. Siku hiyo niliitwa kikaoni, nikamwachia darasa fundi wa maabara. Kesho yake nikasahihisha madaftari. Wote waliandika bluu. Yeye peke yake aliandika tofali.

Nilijua kitabu cha vitendo kina picha ya neli ya rangi hiyo. Nikaona wazi kwamba amenakili. Nikaandika pembeni, kwa wino mwekundu: "Haya ni ya kitabuni, si matokeo yako." Nikampa sifuri.

Alikuja ofisini, akaniamkia, akafungua daftari lile mbele yangu.

"Mwalimu, mimi niliona hivyo," alisema.

"Ungekuwa na sukari kiasi hicho, usingekuwa umesimama hapa."

Akaomba arudie kipimo nikiwa natazama. Nikamwambia ratiba haina nafasi ya kurudia. Akanishukuru, akafunga daftari.

Mwisho wa muhula alipata kumi na tisa. Wenzake walipoingia kwenye mtihani, yeye alikuwa ameshapanda gari kurudi kwao.

Yaliyofuata niliyasikia kwa baba yake. Ulikuwa msimu wa korosho, na nyumbani walikuwa shambani tangu asubuhi. Binti aliokota nao, lakini alichoka upesi na kukonda siku hadi siku. Walidhani ni huzuni ya kushindwa masomo, wakamwacha apumzike, wakakwepa kumtajia chuo. Asubuhi moja hakuamka. Walimfikisha hospitali akiwa hajitambui, daktari akampima, akawaambia ni kisukari, na kimemla muda mrefu. Hakumaliza siku mbili.

Baba alikuja chuoni kuchukua sanduku lake lililobaki bwenini. Alikuwa mzee mtaratibu, kofia mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akatoa lile daftari kwenye sanduku na kuliweka mezani, limefunguka kwenye kitendo cha nne.

"Mwalimu, hii rangi ya tofali maana yake nini?"

Ningeweza kumzungusha kwa maneno ya darasani. Nikamwambia maana yake. Akaniuliza kama binti aliwahi kunieleza. Nikasema alinieleza, akaomba hata kurudia, nikakataa.

Akaweka kidole juu ya maandishi yangu mekundu.

"Basi alisema kweli," alisema.

Nilitamani anikaripie. Hakunikaripia. Akalifunga daftari, akalirudisha sandukuni, akaniaga kwa adabu ileile aliyokuja nayo.

Siku hizi matokeo yasiyo ya kawaida hayapewi alama kwangu mpaka mwanafunzi ayarudie nikiwa pembeni yake. Ile kanuni ya kutoka nje niliifuta. Wanafunzi wapya wanasema nimelainika. Lakini nikikaa na madaftari ya kitendo cha nne, kila ukurasa unaosema bluu naufungua kwa hofu, kana kwamba ukurasa unaofuata utakuwa wa mwandiko ule mdogo.

Siku ya arobaini ya msiba ule nilikwenda Chiwata. Mama yake alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha mkekani karibu naye, akawaambia wanawake waliokuwepo kwamba mimi ndiye mwalimu wa biokemia.

"Alikuwa anakutaja kila siku," aliniambia. "Alisema ukisahihisha wewe, huachi kosa lipite."

Nilimtafuta baba kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni, ametusikia. Nikaelewa kwamba hakumwambia mkewe. Akageuka taratibu, akaenda kuwapokea wageni wengine.

Mama akanisogezea sahani ya wali, akanisihi nile. Nikala.